Alvin Ailey: Ngoma Aliyoicheza na Ngoma Aliyoificha



Nianze na tangazo la kifo. Ijumaa ya tarehe 1 Desemba 1989, katika hospitali ya Lenox Hill jijini New York, alifariki mtunzi wa dansi Alvin Ailey akiwa na umri wa miaka 58. Daktari wake aliwaambia waandishi wa habari kwamba kilichomuua ni ugonjwa wa damu, akautaja kwa jina refu la kitabibu ambalo halikumwambia mtu chochote. Kilichomuua ni UKIMWI. Na aliyeomba usemwe ule ugonjwa wa damu ni marehemu mwenyewe, ili mama yake, Bi Lula, asije akanyooshewa vidole. Siku aliyofia, kama baadhi yenu mmekwisha kung'amua, ni Siku ya UKIMWI Duniani. Ilikuwa ikiadhimishwa kwa mara ya pili tu tangu ianzishwe.

Mlio wa rika langu mnaijua lugha hiyo. Ukisikiliza matangazo ya vifo ya miaka ya themanini na tisini hapa kwetu, utadhani ugonjwa ule haukufika. Watu walikufa kwa kifua. Walikufa kwa malaria iliyopanda kichwani. Walikufa "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Kagera waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivuka mpaka. Uganda wakauita Slim. Mjini tukasema fulani kakanyaga miwaya, fulani kapigwa na umeme. Jina lililodumu kuliko yote, ambalo bado mnalisikia vijiweni, ni ngoma. Fulani ana ngoma. Lugha yetu haina haya wakati mwingine: ilichukua neno letu sisi wachezaji, neno la furaha, la unyago na harusi na mavuno, ikaupa ugonjwa. Ndiyo sababu ya kichwa cha mhadhara huu.

Nimeitwa niseme juu ya urithi wa Ailey, nami nitausema. Ila tuna desturi ya kumpokea msanii mkubwa kama mgeni wa harusini: tunapokea zawadi aliyokuja nayo, hatumuulizi jana alilala wapi. Kwa Ailey desturi hiyo haitufai. Mwenyewe alisema kazi zake za mwanzo zilitokana na kumbukumbu za damu, yaani mambo yaliyomwingia mwilini utotoni kabla hajapata maneno ya kuyasema. Mtu aliyeishi kwa kumbukumbu za damu akatangaziwa kufa kwa ugonjwa wa damu. Kati ya damu hizo mbili kuna mwanamke mmoja, na jioni ya leo nataka tumtazame huyo kuliko tulivyozoea.

Neno moja kuhusu jina la kazi. Kiswahili hakijaamua kumwita nini mtu anayetunga miondoko. Kwenye bendi anaitwa kiongozi wa shoo, na akija na wacheza shoo wake watu hutazama viuno, jina lake hawaliulizi. Kwenye ngoma zetu yupo manju, lakini manju ni mwenye wimbo kwanza. Nitasema mtunzi wa dansi, na asiyependa atanisahihisha wakati wa chai.

Ailey alizaliwa tarehe 5 Januari 1931 katika mji mdogo wa Rogers, jimbo la Texas, uchumi wa dunia ukiwa umeporomoka. Mama yake alikuwa binti wa miaka 17. Baba aliondoka mtoto akiwa bado mchanga. Wakabaki wawili, mama na mwana, wakihama mji hadi mji, mama akichuma pamba na kufanya kazi katika nyumba za Wazungu, mtoto naye akiburuza gunia lake la pamba nyuma ya wakubwa. Texas ya wakati huo ilikuwa na milango miwili kwa kila kitu, wa weupe na wa weusi. Katika kitabu cha maisha yake, alichomsimulia mwandishi A. Peter Bailey na kilichochapishwa mwaka 1995, yeye akiwa kaburini, Ailey anasema kwamba alipokuwa na miaka kama mitano mama yake alibakwa na wanaume wa Kizungu. Mama hakumwambia kamwe. Mtoto alijua, kama watoto wanavyojua, na mama akakaa miaka mingi bila kujua kwamba mwanawe anajua.

Naomba mlishike hilo. Kabla Ailey hajamficha mama yake jambo lolote, mama alikuwa amekwisha kumficha yeye. Kila mmoja alikuwa akimkinga mwenzake.

Katika miji ile midogo kulikuwa na sehemu mbili ambapo mtu mweusi aliweza kuunyoosha mwili wake: kilabuni Jumamosi usiku na kanisani Jumapili asubuhi. Kilabu alichokikumbuka Ailey kiliitwa Dew Drop Inn. Kanisa lilikuwa la Wabaptisti. Mtoto aliwaona watu walewale katika sehemu zote mbili: mwanamke aliyecheza jana kwa sketi iliyombana ndiye huyu leo mwenye kofia na kipepeo, akitikisa kichwa kwa mahubiri. Aliuona ubatizo pia, watu wenye mavazi meupe wakiongozwa majini. Akiwa mtu mzima alifanya kazi mbili zilizomjengea jina, moja ikatoka kilabuni, moja kanisani. Sisi tuliokulia pwani, kati ya maulidi na vigodoro, hatuna haja ya mfasiri hapo.

Mwaka 1942 mama alikwisha kuhamia Los Angeles, vita vimefungua ajira katika viwanda vya ndege, na mtoto akamfuata. Huko ndiko alikoona jukwaa. Aliona baleti katika safari ya shule. Halafu akaona kundi la Katherine Dunham, mwanamke mweusi aliyesomea anthropolojia na kucheza, aliyepeleka ngoma za Haiti na Karibi kwenye majumba makubwa. Watu weusi, taa, mavazi ya fahari. Hata hivyo hakuanza kucheza mara moja. Ni Carmen de Lavallade, waliyesoma naye sekondari, aliyempeleka mwaka 1949 kwenye studio ya Lester Horton. Alifika, akakaa pembeni kutazama, akaondoka, akarudi. Horton alikuwa Mzungu aliyepokea wanafunzi wa kila rangi wakati ambapo shule nyingi za dansi ziliwafungia milango weusi. Aliwafundisha pia kushona mavazi, kupaka rangi mandhari na kupanga taa. Horton alipokufa ghafla mwaka 1953, Ailey mwenye miaka 22 ndiye aliyeshika usukani. Mwaka uliofuata yeye na Carmen wakaenda New York kucheza katika tamthilia ya muziki ya Broadway iliyoitwa House of Flowers, na New York ikammeza.

Tarehe 30 Machi 1958, katika ukumbi wa jumuiya ya Kiyahudi ya vijana ulioko Mtaa wa 92, alionyesha Blues Suite, ile kazi ya kilabuni. Hesabuni hapo kuzaliwa kwa kundi lake. Halikuwa na jengo, na lilikuwa na wachezaji wachache wenye vibarua vyao kwingine. Chini ya miaka miwili baadaye, tarehe 31 Januari 1960, ukumbini humohumo, ikaja Revelations.

Nataka tuitazame kazi hii taratibu, kwa sababu wengi wenu mmeiona kwenye simu, na skrini ya simu haiwezi kuonyesha uzito.

Jukwaa lina giza. Katikati wamesimama watu wamebanana kama nyumba moja ya nyuki, mavazi yao rangi ya udongo, mwanga ukiwashukia kutoka juu moja kwa moja. Miguu imetanuliwa, magoti yamekunjwa, uzito wote uko chini. Mikono inapanda, vidole vimeachana, viganja vimefunguka kwa juu, halafu vichwa vinainama kana kwamba dari limeshuka. Mchezaji wa baleti hujifunza kuikimbia ardhi, hawa wanaikalia. Mtoto wa Kimakonde akiona magoti yale atasema huyu kafundishwa na bibi yangu. Hakufundishwa na bibi yake. Mbinu ya kiwiliwili na mizani ni ya Horton, na huzuni ni ya Texas. Lakini goti lililokunjwa ni goti lililokunjwa, na njia lililopitia kufika Texas tunaijua.

Sehemu ya pili ni maji. Vitambaa virefu, vya buluu na vyeupe, vinavutwa kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine, na watu waliofichama pembeni wanavitikisa. Ndiyo mto. Hakuna cha zaidi. Mwanamke aliyevaa nyeupe anaingia na mwavuli mkubwa mweupe, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikipiga wimbi, na wanaobatizwa wanauvuka mto wa kitambaa. Nimewahi kukaa katika kikao cha bajeti nikisikia watu wakiomba projekta na mashine ya moshi ili waonyeshe bahari. Nikawaambia nendeni sokoni mkanunue jora.

Kuna kipande cha mwanaume mmoja peke yake sakafuni. Anakaa, ananyanyua miguu na kiwiliwili, anabaki akining'inia juu ya mfupa wa mkia, anarudi chini, anajaribu tena. Ni maombi ya mtu anayejiandaa kufa. Wanaojua mbinu ya Horton watakwambia lile ni zoezi la darasani la misuli ya tumbo. Ndivyo alivyofanya Ailey: alichukua zoezi akaliuliza, wewe unaumwa wapi?

Kisha mwisho: rangi ya manjano, kofia za nyasi, vipepeo, vigoda. Wanawake wanaingia kanisani na joto lao na umbea wao. Wanapepea kwa hasira, wanakaa, wanainuka, wanaume wanakuja nyuma yao, na ukumbi mzima unashindwa kukaa.

Mwanzoni kazi hii ilikuwa zaidi ya saa nzima. Akaikata, akaikata tena, ikafika nusu saa na kidogo. Waandishi wa magazeti tujifunze.

Ya kampuni nitayapitia upesi, kwa kuwa yameandikwa sana. Mwaka 1962 Serikali ya Marekani ililipeleka kundi Asia na Australia. Mwaka 1966 lilikwenda Dakar kwenye tamasha la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi, na mwaka 1967 likazunguka nchi kadhaa za Afrika. Mwaka 1970 Ailey alitangaza kwamba analivunja kwa kukosa pesa. Baadaye mwaka huohuo likaenda Urusi ya Kisovieti, na Leningrad watu wakapiga makofi kwa zaidi ya dakika 20. Halikuvunjwa tena. Alifungua shule mwaka 1969. Alifanya jambo ambalo watunzi wachache wenye jina hukubali: aliweka katika kundi lake kazi za wengine, za Dunham, Talley Beatty na Donald McKayle, zisipotee. Aliajiri wachezaji wa rangi zote, na baadhi ya weusi wenzake wakamlaumu. Afrika haikumtoka: mwaka 1969 alitunga Masekela Langage kwa muziki wa Hugh Masekela, na mwaka 1986 Survivors, kazi kuhusu Nelson na Winnie Mandela, mmoja akiwa bado gerezani.

Sasa nauli ya safari zile. Ailey alipenda wanaume. Nalisema kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosema kwamba alikuwa mtu wa Texas, na najua kuna viti vilivyolia hapa ukumbini. Marekani ya ujana wake haikulisema kwa sauti ya kawaida. Kwa amri ya rais ya mwaka 1953, mtumishi wa Serikali Kuu aliyejulikana kuwa hivyo alifukuzwa kazi, na polisi wa New York walivamia baa za watu kama yeye. Tafakarini hesabu ya mtu huyo: kundi lake linasafiri kwa nauli ya Serikali hiyohiyo, linatangazwa kama sura njema ya taifa, na mwenye kundi anajua kwamba neno moja gazetini laweza kuwaacha wachezaji wote barabarani. Kanisani kwa mama yake nako hakukuwa na mahali pa kulisemea. Basi akajenga nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na taa, makofi na tabasamu lile pana mnaloliona pichani. Cha nyuma alikaa peke yake. Waliofanya naye kazi miaka mingi wamesimulia kwamba aliwaita familia, na bado wengi wao hawakuyajua maisha yake nje ya mazoezi.

Mwenye chumba cha nyuma hutafuta dirisha. La Ailey lilikuwa miili ya watu wengine, hasa baada ya kuacha kucheza mwenyewe mwaka 1965. Mwaka huohuo alimwona Judith Jamison akishindwa katika usaili wa mtunzi mwingine. Alikuwa binti mrefu, na siku ile mambo hayakumwendea. Siku chache baadaye Ailey akampigia simu. Mwaka 1971 siku ya kuzaliwa ya mama yake ilikaribia, na Ailey akaamua kumpa dansi.

Dansi hiyo inaitwa Cry. Inachezwa na mwanamke mmoja kwa dakika 16. Ilionyeshwa kwanza tarehe 4 Mei 1971, naye aliitoa kwa wanawake weusi wote kila waliko, hasa mama zetu. Jamison amesimulia kwamba kabla ya usiku ule hakuwahi kuicheza mfululizo hadi mwisho. Aliingia jukwaani asijue kama pumzi itamfikisha. Amevaa sketi nyeupe yenye marinda, na mkononi ana kitambaa kirefu cheupe. Anakibeba mbele kwa mikono miwili kama anayepokea kitu kitakatifu. Anakitandika chini, anapiga magoti, anasugua nacho sakafu. Anajifunga kichwani, na kilichokuwa tambara kinakuwa taji. Anajitanda mabegani. Sisi wenye kanga hatuhitaji kuelezwa. Kanga ileile hubeba mtoto, hupangusa meza, hushikia sufuria ya moto, humfunika maiti. Ailey aliyajua maisha ya kitambaa kwa kumtazama mama yake akisugua sakafu za watu.

Ninapoitazama Cry sioni zawadi ya siku ya kuzaliwa peke yake. Naona mtoto akimjibu mama. Lile jambo la Texas ambalo mama hakulisema, naye hakuthubutu kuliuliza, amelipeleka mbele ya watu elfu mbili bila kulitaja. Pale mwanamke anapokunjamana ghafla, ngumi tumboni, Bi Lula aliona nini? Hilo ni lao wawili. Ninachosema mimi ni kwamba jukwaa liliwapa njia ya kuzungumza ambayo sebule haikuwapa.

Jukwaa halikutosha kwa kila kitu. Mwaka 1979 alifariki ghafla Joyce Trisler, mchezaji rafiki yake tangu siku za Horton, na Ailey akatunga Memoria kwa kumbukumbu yake. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa akiteleza. Alikuwa akitumia kokeini, jambo alilokuja kulikiri. Mapema mwaka 1980 alifanya fujo katika jengo la watu, akakamatwa na polisi, magazeti yakaandika, akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili kwa wiki saba. Madaktari walisema ana ule ugonjwa unaompandisha mtu kileleni siku hizi na kumtupa shimoni siku zile, wakampa dawa za kutuliza. Kwa mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya kutosemwa, kuona kurasa za mbele zikimsema nadhani kulikuwa mateso kuliko wodi. Aliporudi kazini alitunga tena, ikiwa ni pamoja na For Bird—With Love ya mwaka 1984, juu ya Charlie Parker, mpiga saksafoni ambaye dawa za kulevya zilimmaliza. Hakuwa akizungumza juu ya jirani.

Ndiyo tumefika tena hospitalini, Desemba 1989.

Wiki mbili baada yake, tarehe 15 Desemba, alifariki Philly Lutaaya. Vijana, huyu ni Mganda, mwanamuziki aliyekuwa akiishi Uswidi. Mwaka huohuo wa 1989 alirudi nyumbani akasimama hadharani akasema nina UKIMWI. Wapo waliomwambia anatafuta soko la kaseti. Akazunguka shuleni na makanisani, akionyesha mwili wake ulivyokuwa ukiisha, mpaka hakukuwa tena na wa kubisha. Wasanii wawili, ugonjwa mmoja, Desemba moja. Mmoja akasema, mwingine akanyamaza.

Ni rahisi mno kumpa Lutaaya medali na Ailey lawama. Nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa darasani, na nimeacha. Lutaaya aliibeba aibu mchana kweupe, na Uganda inamdai shukrani isiyolipika. Ila lile la Ailey silioni kuwa woga mtupu. Mwanaume wa Marekani aliyetajwa kufa kwa UKIMWI mwaka ule alikuwa ametajwa mambo mawili kwa neno moja, na la pili ndilo lingemfikia mama kanisani. Alifanya tena kile ambacho mama alimfanyia alipokuwa na miaka mitano. Ninachokikataa ni sisi tuliobaki kuendelea kuulinda uongo huo wakati anayelindwa hayupo tena. Kwa miaka mingi vipeperushi vya maonyesho vilitaja Texas, kanisa na pamba, vikaruka kitanda cha mwisho. Mtoto wa kiume anayecheza dansi huku akijificha, awe Houston au Temeke, alinyimwa nusu ya babu yake wa kisanaa.

Ibada ya mazishi ilifanyika tarehe 8 Desemba katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, New York, watu maelfu. Max Roach alipiga ngoma, mshairi Maya Angelou alizungumza, na wachezaji wakacheza mbele ya jeneza. Nalipenda hilo: msiba wenye ngoma, kama unavyopaswa kuwa.

Jamison, aliyekuwepo kando ya kitanda pamoja na Bi Lula, alisimulia baadaye kwamba Ailey alivuta pumzi na hakuitoa. Kwamba wao waliobaki ndio pumzi inayotoka. Ailey alikuwa amekwisha kumkabidhi kundi, naye aliliongoza hadi 2011. Jamison alifariki Novemba 2024. Kampuni ina jengo lake tangu 2004, pembeni mwa Barabara ya Tisa, na mwaka 2014 Rais Obama alimtunuku Ailey nishani ya juu ya kiraia. Kazi alizotunga ni 79. Hapa nina manung'uniko. Katika 79 hizo, dunia inadai moja, Revelations. Mnawajua wapenzi wa muziki wa dansi ambao bendi ikipanda na nyimbo mpya wanapiga kelele za wimbo wa mwaka 1978? Ailey alipimwa maisha yake yote kwa kipimo cha kijana wa miaka 29, na kijana huyo alikuwa yeye. Baadhi ya kazi za baadaye ni hafifu, tusidanganyane, zina harufu ya mtu aliyechoka anayefukuzana na tarehe ya onyesho. Nyingine hazijapewa nafasi. Makumbusho ya Whitney jijini New York yalipofungua maonyesho juu yake Septemba 2024, yaliweka pia daftari zake: orodha za mambo ya kufanya, maandishi ya faragha, mipango ya dansi. Chumba cha nyuma kimeanza kufunguliwa.

Nimalize na kitu nilichokuja nacho mfukoni.

Mwaka 1994 kikundi chetu kilimpoteza mchezaji aliyekuwa bora kuliko sote. Simtaji; familia yake ipo. Tangazo lilisema kifua. Tulikwenda msibani tukasema kifua, tukala wali wa msiba tukasema kifua. Mama yake ndiye aliyemuuguza miezi minane, akifua mashuka usiku ili majirani wasihesabu. Yeye ndiye aliyetuambia kifua, akitutazama usoni, kila mmoja kwa zamu yake. Baada ya arobaini aliniita, akanipa njuga za mwanawe, zimefungwa ndani ya kanga. Hizi hapa. Ukanda ni wa mpira wa tairi. Una matundu matatu yaliyotobolewa vizuri na fundi, kwa nafasi sawa. Baada ya hayo yapo mengine manne, yametobolewa kwa msumari, moja baada ya jingine, kila moja likizidi kuingia ndani. Alicheza hadi tundu la saba, na sisi tulikuwa jukwaani pamoja naye.

Zipitisheni mkono kwa mkono, tafadhali. Zitarudi kwangu zikifika mstari wa nyuma.